Kusoma sayansi ya siasa katika komyuniti koleji ya California: panga kuanzia mwisho

Digrii ya sayansi ya siasa ya komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ikibaki peke yake, haikufikishi mbali. Ni waajiri wachache wanaoiulizia. Thamani yake iko kwenye mlango inaoufungua: unaingia mwaka wa tatu wa chuo kikuu cha serikali ukiwa umelipa sehemu ndogo tu ya ada ya wenzako walioanzia huko. Kwa hiyo mpango wa maana hauanzi na swali la "nichukue darasa gani muhula huu?" Unaanza na "nataka kumalizia wapi?", kisha unarudi nyuma hatua kwa hatua.

Tunaizungumzia California kwa sababu mfumo wake una vyuo 116, ndio mkubwa kuliko yote Marekani, na kanuni zake za msingi ni zilezile kila chuo. Aliye Texas, kwenye Wakongomani na Wakenya wengi, atazame namba nyingine za madarasa: huko kila anayesomea digrii ya kwanza katika chuo cha umma lazima apite GOVT 2305 (serikali ya shirikisho) na GOVT 2306 (serikali ya Texas), awe anasomea siasa, uuguzi au uhandisi. Ushauri wa kusoma na kuandika ulio hapa chini utamfaa vilevile.

Milango miwili ya kutokea

Mlango wa kwanza ni California State University, CSU. Ufunguo wake ni digrii ya uhamisho, AA-T, iliyotokana na sheria ya mwaka 2010. Inataka yuniti, yaani vipimo vya uzito wa darasa, 60 za semesta (au 90 kwa vyuo vyenye mihula mifupi ya kota), wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 2.0, na alama ya C au zaidi katika masomo ya fani. Ukiipata, umehakikishiwa nafasi ndani ya mfumo wa CSU, na katika programu inayolingana na fani yako hutadaiwa zaidi ya yuniti nyingine 60 kumaliza. Soma vizuri hapo: nafasi ndani ya *mfumo*. Kampasi unayoitamani haimo kwenye ahadi, na hapo ndipo wengi hulia baadaye.

Mlango wa pili ni University of California, UC. Kampasi sita (Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz) hutoa hakikisho la kupokelewa linaloitwa TAG ukitimiza masharti yao. Unachagua kampasi moja tu, na fomu hujazwa Septemba 1 hadi 30. Berkeley, Los Angeles na San Diego hawana TAG, huko unashindana kama wengine. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni mtu kujaza TAG, akatulia akidhani kazi imekwisha. Bado lazima upeleke ombi lenyewe la UC kwenye dirisha la Oktoba na Novemba. Usipolipeleka, TAG ni karatasi tu.

Ukishachagua mlango, ingia assist.org. Weka jina la koleji yako, la chuo kikuu unachokitaka na mwaka wa masomo, kisha tafuta Political Science. Utaona orodha: darasa hili la hapa ni sawa na lile la kule. Fanya hivyo kwa kampasi tatu, kisha zilinganishe. Masomo yanayojirudia kwenye orodha zote tatu ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu hayatapotea hata ukibadili nia. Darasa linalopendwa na kampasi moja tu lisubiri mwaka wa pili.

Kujiandikisha, na swali la Kiingereza

Aliyetimiza miaka 18 anaweza kuingia komyuniti koleji ya California hata kama hana cheti cha sekondari. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma na vyeti vikapotelea njiani. Lakini kuna tofauti kati ya kuingia darasani na kulipiwa. Msaada wa serikali ya shirikisho unadai cheti cha sekondari au kinachokilingana, kama GED au HiSET. Kama huna, anza kuitafuta GED mapema, usingoje hadi muhula ufunguliwe.

Maombi ni bure, mtandaoni. Baada ya hapo kuna mambo matatu ambayo watu huyaruka: maelekezo ya wanafunzi wapya, kupangiwa ngazi ya Kiingereza na hesabu, na mpango wa masomo unaoutengeneza na mshauri. Ukiyamaliza yote matatu unapata zamu ya mapema ya kuchagua madarasa. Ukiyaruka, unafungua ukurasa wa kujiandikisha na kukuta darasa la saa mbili usiku, lile pekee linaloendana na zamu yako ya kazi, limejaa.

Kuhusu Kiingereza, tangu sheria ya AB 705 ya mwaka 2017 koleji haiwezi kukulundikia madarasa ya maandalizi yasiyohesabika chuo kikuu kwa kigezo cha mtihani mmoja. Aliyesoma sekondari kwa Kiingereza Kenya au Uganda kwa kawaida anaweza kwenda moja kwa moja ENGL C1000, darasa la msingi la kusoma na kuandika Kiingereza cha chuo, akichukua na kile kipindi cha nyongeza cha msaada kama kipo. Aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Lubumbashi, au ambaye Kiingereza chake ni cha kuongea tu, atafanya vizuri kuchukua kwanza muhula mmoja au miwili ya Kiingereza cha wageni, ESL. Si aibu hata kidogo. Sayansi ya siasa ni somo la kusoma kurasa nyingi na kuandika, na anayebahatisha lugha huanguka kwenye insha hata kama hoja anayo kichwani.

Fedha

Kwa mkazi wa California ada ni dola 46 kwa yuniti. Darasa la yuniti 3 ni dola 138, na yuniti zote 60 ni dola 2,760. Ukazi kwa kawaida unahitaji uwe umeishi jimboni zaidi ya mwaka mmoja kabla ya muhula kuanza, kwa nia ya kubaki, na uwe na vielelezo: kodi ya mapato, leseni, mkataba wa nyumba. Asiye mkazi hulipa mara kadhaa zaidi. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 hahesabiwi mkazi hata akae miaka mitatu.

Kipato kikiwa kidogo, omba California College Promise Grant, inayofuta zile dola 46 zote. Kisha jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya shirikisho, inayofunguliwa Oktoba 1, kama wewe ni raia au una grinikadi. Ruzuku ya Pell kwa mwaka 2025–26 ilifika hadi dola 7,395, na kwa kuwa ada ya koleji ni ndogo, sehemu kubwa ya pesa hiyo hukufikia mkononi. Kwa ruzuku ya jimbo, Cal Grant, tarehe ya kawaida ni Machi 2, na wanafunzi wa komyuniti koleji wana nafasi ya pili hadi Septemba 2.

Sasa mtego. Pesa ya Pell huingia mapema katika muhula. Mtu anatuma nyumbani, analipa deni la gari, halafu wiki ya saba kazi inambana na anaacha madarasa yote. Kanuni inasema anayeacha kabla ya kufikia asilimia 60 ya muhula hajaichuma ruzuku yote, na sehemu fulani lazima irudi. Kwenye muhula wa wiki 16, asilimia 60 ni kama wiki ya kumi. Deni hilo likikaa bila kulipwa, hupati msaada mwingine popote Marekani. Zaidi ya hayo, koleji hupima kila muhula kama umekamilisha karibu asilimia 67 ya yuniti ulizojaribu na kama GPA yako iko 2.0. Ukianguka, msaada unasimama hadi ukate rufaa.

Vitabu si lazima vikumalize. Kwenye ratiba ya madarasa tafuta alama ya ZTC: maana yake darasa hilo halina gharama ya vitabu. Kwa serikali ya Marekani madarasa ya aina hiyo ni mengi, kwa sababu OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice hutoa kitabu cha bure mtandaoni.

Madarasa na mpangilio wake

Kuanzia muhula wa Agosti 2025 vyuo vya California vimeanza kutumia namba za pamoja kwa baadhi ya madarasa. Darasa la msingi la fani yako ni POLS C1000, siasa na serikali ya Marekani. Juu yake AA-T huongeza madarasa kama siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, nadharia ya siasa, utangulizi wa sayansi ya siasa na takwimu (STAT C1000), kwa jumla ya yuniti zisizopungua 18 za fani.

Yanayobaki ni elimu ya jumla inayoitwa Cal-GETC: madarasa 11, yuniti 34, kuanzia insha na kuongea mbele za watu hadi sayansi yenye maabara na masomo ya makabila ya Marekani. Darasa moja linaweza kuhesabika pande zote mbili. POLS C1000 huziba pengo la fani na pia la sayansi za jamii, na takwimu huziba la hesabu. Mwombe mshauri akuonyeshe kila darasa linaloua ndege wawili. CSU pia ina sharti lake la historia ya Marekani, katiba, na serikali ya jimbo na mitaa, nalo hutimizwa vizuri zaidi ukiwa bado koleji, ambako yuniti ni rahisi.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Muhula wa kwanza: POLS C1000, ENGL C1000, takwimu, na darasa moja jepesi. Takwimu iwe mapema, kwa sababu wanaoiogopa huisukuma hadi mwisho, na ikiwashinda inazuia uhamisho mzima. Muhula wa pili: ENGL C1001, ambayo ni fikra pevu na uandishi, pamoja na uhusiano wa kimataifa. Nadharia ya siasa iache hadi umemaliza ENGL C1001. Wanafalsafa kama Locke na Rousseau si watu wa kukutana nao ukiwa bado unahangaika na muundo wa aya.

Fanya na hesabu ndogo ambayo haifanywi na wengi. Yuniti 12 kwa muhula zinakufanya mwanafunzi wa muda wote, lakini 12 mara mihula 4 ni 48, si 60. Zile 12 zilizobaki lazima uzitafute kiangazi, ama umalize kwa miaka miwili na nusu. Kila yuniti ni kama saa 3 za kazi kwa wiki, darasani na nyumbani. Kwa yuniti 15, hizo ni saa 45. Anayefanya kazi ghala la usiku saa 40 na kuchukua yuniti 15 anajitafutia F mbili. Achukue 9.

Mwenye F-1 hana uhuru huo. Lazima awe na yuniti 12 kila muhula, na ndani ya hizo ni darasa moja tu la mtandaoni linalohesabika. Kabla ya kuacha darasa lolote amwone mshauri wa wanafunzi wa kigeni, kwani kushuka hadi yuniti 9 bila idhini ni kuvunja masharti ya viza.

Maneno yanayopotosha

Mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki huja akijua siasa. Tatizo ni kwamba amezijua kwa msamiati mwingine.

Anza na *government*. Kwetu serikali ni upande wa utendaji: tunasema mihimili mitatu ni Serikali, Bunge na Mahakama. Kwa Mmarekani *government* ni yote matatu kwa pamoja. Ukiandika kwenye mtihani kwamba mahakama ilipingana na *government*, profesa hakuelewi, maana mahakama nayo ni *government*. Andika *the executive branch* au *the president*.

*State* ina maana mbili, na zote zitakuwa kwenye ratiba yako moja. Kwenye POLS C1000 ni jimbo, kama Ohio. Kwenye uhusiano wa kimataifa ni dola, kama Tanzania.

Utata mtamu kuliko wote uko kwenye shirikisho, *federalism*. Kenya ya 1963, waliotaka majimbo, yaani mfumo wa shirikisho, ni chama cha KADU, nao walitaka kupunguza nguvu za Nairobi. Marekani ya 1787, waliojiita *Federalists* walitaka kuongeza nguvu za serikali ya kati. Neno linafanana, mwelekeo ni kinyume. Usipoligundua hilo wiki ya pili, kila utakachosoma kuhusu kuandikwa kwa katiba kitakaa kichwa chini.

Kaunti nazo: zile 47 za Kenya zimeundwa na katiba, zina gavana na bunge lake. Kaunti ya Marekani ni kiumbe cha jimbo, na gavana ni mkuu wa jimbo. *Liberal* kwenye nadharia ni anayetetea uhuru wa mtu na mipaka ya dola, wakati kwenye habari za jioni ni mtu wa mrengo wa kushoto.

Pale ambapo unaweza kulinganisha, linganisha, kwa sababu ndipo unapowapita wenzako. Tanzania waziri lazima awe mbunge. Marekani katiba inakataza mtu kushika vyote viwili, na Kenya tangu 2010 imefuata njia hiyo. Rais wa Kenya anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Wa Marekani anahitaji kura 270 kati ya 538 za wajumbe wa uchaguzi, na majimbo 48 humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote. Ndiyo maana mwaka 2000 na 2016 aliyeshindwa kwa kura za wananchi aliingia Ikulu.

Kusoma kesi ya mahakama

Hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani huwatisha wanafunzi kwa urefu. Zichambue kwa mistari mitano, usizidishe nusu ukurasa. Chukua Gideon v. Wainwright ya 1963.

1. Yaliyotokea: Gideon alishtakiwa Florida kwa kosa kubwa la jinai, akaomba wakili kwa kuwa hakuwa na pesa, akanyimwa, akajitetea mwenyewe na kufungwa.
2. Swali la sheria: je, haki ya wakili iliyo kwenye Rekebisho la 6 la katiba inazibana mahakama za majimbo?
3. Jibu: ndiyo, kwa kauli moja ya majaji 9.
4. Sababu: Rekebisho la 14 linalibeba la 6 hadi kwenye majimbo, na hakuna kesi ya haki bila wakili. Uamuzi wa 1942 wa Betts v. Brady ukafutwa.
5. Kwa nini inasomwa: inaonyesha jinsi Hati ya Haki, yaani marekebisho kumi ya kwanza ya katiba, iliyoandikwa kuibana serikali ya kati, ilivyokuja kuyabana majimbo.

Mstari wa tano ndio unaoulizwa kwenye mtihani. Wanaofeli wamekariri hadithi ya Gideon vizuri sana, ila wameliacha Rekebisho la 14.

Insha

Kwetu mzungumzaji mwenye adabu huanza mbali: anasalimu, anazunguka, halafu anaingia kwenye neno. Insha ya koleji ya Marekani inadai neno lako mwishoni mwa aya ya kwanza. "Katiba ni muhimu kwa nchi" si dai, hakuna wa kulipinga. "Kanuni ya kura 60 za kufunga mjadala katika Seneti inayapa majimbo madogo nguvu kuliko waandishi wa katiba walivyokusudia" ni dai: linaweza kupingwa, kwa hiyo linaweza kutetewa.

Kisha weka aya yenye hoja kali ya wanaokupinga, na uijibu. Kumpinga profesa mwenyewe kunaruhusiwa, mradi una ushahidi. Taja chanzo kila unapochukua wazo la mtu, hata kama umelisema kwa maneno yako. Kutotaja ni wizi wa kazi, na adhabu ya kawaida ni sifuri. Nenda ofisini kwa profesa wiki ya tatu ukiwa na dai lako limeandikwa kwenye karatasi. Dakika kumi za hapo zinaokoa herufi nzima ya alama.

Tarehe zisizosamehe

Usipofika siku ya kwanza, mwalimu anaweza kukufuta na kumpa mwingine nafasi. Ukiacha darasa kabla ya siku ya hesabu rasmi ya wanafunzi, kama asilimia 20 ya muhula, halibaki hata alama. Baada ya hapo hadi asilimia 75 ya muhula unapata W, alama ya kujiondoa. Baada ya hapo ni alama uliyoipata, na kama ni F, ni F. W nayo huhesabika kama jaribio, na darasa moja kwa kawaida hujaribiwa mara tatu tu.

Onyo kwa asiye raia

Kwenye madarasa ya siasa watu huja kuandikisha wapiga kura, na karatasi hupitishwa hadi kwako. Usiisaini kwa heshima. Kudai uraia wa Marekani usionao, au kupiga kura ya shirikisho, kunaweza kukunyima grinikadi au kukufukuzisha nchini, na kusema hukujua mara nyingi hakusaidii. Kujitolea kwenye kampeni bila malipo kunaruhusiwa hata kwa mwenye F-1. Kuchangia pesa kampeni kunaruhusiwa kwa mwenye grinikadi, si kwa mwenye viza.

Miezi ya mwisho

Maombi ya CSU na UC hupelekwa Oktoba na Novemba kwa wanaoanza Agosti au Septemba inayofuata. Andika kila koleji uliyowahi kusoma, hata ile uliyoacha baada ya wiki mbili ukiwa na W, kwa maana kuificha kunaweza kufuta nafasi yako. Januari UC watakutaka uhuishe alama za muhula uliopita. Hadi mwisho wa muhula wa majira ya kuchipua uwe umemaliza yuniti 60, madarasa mawili ya uandishi wa Kiingereza na la hesabu.

AA-T yenyewe haiji kwa kumaliza madarasa tu. Kwenye koleji nyingi lazima ujaze ombi la kuhitimu, na tarehe yake huwa miezi kadhaa kabla ya sherehe. Baada ya hapo hakikisha ofisi ya kumbukumbu imeithibitishia CSU kwamba unaipata, ukaone wewe mwenyewe kwenye akaunti yako, kisha tuma nakala ya mwisho ya matokeo mara tu alama za Mei zikitoka.